Umaskini Nao Unataka Mhuri

Ndugu zangu wa Mwanza, hebu nielezeni: maskini athibitishe mara ngapi kwamba ni maskini?

Mpwa wangu anatoka Ukerewe. Baba yake alishafariki, mama anaanika dagaa. Mtoto kapata chuo, anaomba mkopo wa serikali. Haya, mtendaji agonge mhuri. Wakili agonge mhuri. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe, cheti cha kifo cha baba nacho kihakikiwe. Anapanda meli Nansio, anashuka mjini, anafika dirishani anaambiwa sahihi ya mdhamini imetoka nje ya kisanduku. Nje ya kisanduku! Mtu avuke ziwa mara ya pili kwa sababu ya mkia wa herufi? Nauli hiyo ni dagaa wa wiki nzima, tena msimu huu wa mvua ambapo hata kukauka hawakauki.

Na huo ni mkopo, si zawadi. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Marekani kuna ruzuku ya Pell: mwanafunzi asiye na uwezo alipewa hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024/25, na kwa kawaida harudishi. Sisi tunaomba deni, na deni lenyewe tunalililia!

Siku ya mwisho ya maombi ndiyo usiseme. Kibanda cha intaneti Kirumba kina foleni kama ya kivuko cha Kigongo kabla ya daraja. Mtandao unazunguka, unazunguka, unakata.

Wewe walikurudisha kwa kosa gani?