Tisa ni Nini?

Leo asubuhi, hata macho sijayafikicha vizuri, baruapepe: "Shikamoo Prof. Naomba kuuliza, ile makala yetu ya mbawakavu imefikia wapi?" Huyu alikuja kwangu hana hata ndevu. Leo ana mtoto darasa la nne. Nikamjibu kwa heshima zote: "Marahaba. Iko hatua za mwisho."

Iko droo ya chini, jamani. Juu yake imelaliwa na ya konokono, na ya konokono imelaliwa na ya popo, ambayo mhakiki wa pili aliirudisha akitaka msimu mmoja tu zaidi wa sampuli. Msimu mmoja tu! Kama anaomba kiberiti.

Nikasema leo ni leo. Nikafungua kompyuta. Kuna faili mbawakavu_MWISHO, kuna mbawakavu_MWISHO_kweli, kuna mbawakavu_MWISHO_usifute. Nikachagua la usifute, maana aliyeliita hivyo alikuwa na uchungu. Safu zimepangika: tarehe, mtego, spishi, halafu safu inaitwa K. Ndani ya K kuna 0, kuna 1, na hapa na pale, 9.

Tisa ni nini?

Kama ni wadudu tisa, nimegundua jambo. Kama ni ile tisa ya "hakuna takwimu", mtego umejaa maji ya mvua, basi nimepiga wastani wa mafuriko. Nikalitafuta daftari la uwandani. Limevimba, kurasa zimegandana. Nikazibandua kwa wembe, moja moja, pumzi nimeibana. Ukurasa wa 41, mwandiko wangu, umepigiwa mstari mara mbili: "9 = kama tulivyokubaliana."

Tulikubaliana na nani? Nikampigia mwenzangu tuliyelala naye hema moja miezi mitatu. Akacheka mpaka akakohoa. "Ndugu yangu, siku hiyo nilikuwa naumwa. Ulikubaliana na nafsi yako."

Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Rosenthal aliliita hili tatizo la droo: matokeo yasiyoonyesha kitu yanafichwa, ya kujivunia yanachapishwa. Heri hao, wanajua wanaficha nini! Hata Darwin aliandika wazo lake la mageuzi ya viumbe 1844, akalifungia, akaenda kuchambua viumbe vidogo vya baharini vinavyong'ang'ania majabali, miaka minane. Ilibidi barua ya 1858 ya Wallace, mwanasayansi mwenzake aliyefikia wazo lile lile, imshtue. Mimi Wallace wangu yuko wapi? Hakuna hata mtu mmoja anayetaka kuniwahi. Muda wenyewe unaliwa na kusahihisha mitihani, na vikao vya kujadili kwa nini hatuchapishi.

Nikaenda stoo, angalau niwahesabu upya mbawakavu wenyewe. Spiriti imekauka nusu chupa. Nikaongeza. Nikanyanyua lebo kwenye mwanga: nyeupe pe. Kumbe niliandika kwa kalamu ya wino, na spiriti imekunywa wino wote. Wanafunzi nimewaimbia miaka yote: penseli, penseli, penseli.

Na penseli yangu yenyewe, ile fupi ya kufunga na uzi, nani ameichukua?