Andiko Lile Aliambiwa Mfalme

Naandika haya hasira haijanitoka, kwa hiyo mnivumilie. Jumapili iliyopita, baada ya matangazo, mzee mmoja wa kanisa alisimama akauliza swali la kawaida kabisa: mabati ya jengo jipya yameshanunuliwa au bado, na kama yameshanunuliwa, risiti ziko wapi? Hakupayuka. Kofia mkononi, akaanza na "Bwana Yesu asifiwe", akauliza, akakaa. Mtumishi akatabasamu, akafungua Biblia, akasoma 1 Samweli 15:22: "Kutii ni bora kuliko dhabihu." Akafunga. Kanisa zima likaitikia amina, tena ile ya kutetemesha vioo. Kisha bahasha za ujenzi zikapitishwa.

Sijui kama mmeliona hilo. Andiko linalosema kutii kunapita sadaka limetumika kumnyamazisha mtu, halafu papo hapo likakusanyiwa sadaka. Kipaji hicho.

Tuifungue basi sura yenyewe, maana inaelekea wengi wetu tunaijua mstari mmoja tu. Maneno yale hakuambiwa muumini aliyedai risiti. Aliambiwa Sauli, mfalme, aliyekuwa amekusanya askari wa miguu 200,000 na wengine 10,000 wa Yuda. Aliyemwambia ni Samweli, nabii mzee, ambaye usiku uliotangulia hakulala, alikuwa akimlilia Mungu. Sauli alikuwa ametumwa kuwapiga Waamaleki asibakize kitu. (Amri yenyewe, ya kuua mpaka watoto wanyonyao, inanipa shida na sitajifanya nimeielewa. Hiyo ina siku yake.) Akarudi na mfalme Agagi akiwa hai, pamoja na kondoo na ng'ombe walionona. Vile vinyonge visivyo na faida, hivyo ndivyo alivyoviangamiza kwa utii wa hali ya juu. Na kabla ya kutoa taarifa yoyote kwa mtu yeyote, akapitia Karmeli akajisimamishia mnara wa ukumbusho.

Anapomwona Samweli, yeye ndiye anayewahi kusema: nimeitimiza amri ya Bwana. Samweli anamuuliza, sasa hawa kondoo ninaowasikia wakilia ni wa nini? Mshitakiwa anajitetea na ushahidi unalia mee nyuma yake. Jibu lake ndilo linalonifanya niamini kwamba kitabu hiki kimeandikwa na mtu aliyewajua viongozi vizuri. Watu, anasema. Watu ndio walioacha wanyama wazuri, ili wamtolee Bwana Mungu wako dhabihu. Hao wengine tumewaangamiza. Yaani kosa wamelifanya wao, kazi nzuri tumeifanya sisi, na kilichobaki mkononi ni cha Mungu, nani atathubutu kuhoji?

Hapo ndipo Samweli anapomkata kauli na kumwambia kutii ni bora kuliko dhabihu. Alikuwa anamfunga mdomo kiongozi aliyejificha nyuma ya sadaka. Soma tena uone. Sauli akibanwa sana anakiri kwamba aliwaogopa watu, lakini hata katika kukiri huko anaomba jambo moja: uniheshimu mbele ya wazee wa watu wangu. Mtu ameambiwa ufalme umeondoka, yeye anawaza meza kuu.

Na sura ya 14, iliyo ukurasa huo huo katika Biblia yangu, mbona haihubiriwi? Sauli aliwaapisha askari wasile kitu mpaka jioni, vita vinaendelea, watu wamezimia kwa njaa. Yonathani mwanawe hakukisikia kiapo kile. Akanyoosha fimbo, akachovya ncha yake kwenye sega la asali, akala, macho yakapata nuru. Usiku Sauli akaamua kijana afe, tena akaapa kwa jina la Mungu. Wale askari wa kawaida wakakataa. Wakamwambia mfalme, mtiwa mafuta wa Mungu, usoni kwake kwamba hata unywele mmoja wa kichwa cha Yonathani hautaanguka. Yonathani akapona. Sijaona mstari wowote hapo unaowakemea. Kama wangekuwa watiifu kwa namna tunayofundishwa sisi, Daudi asingempata rafiki yule.

Haya, najua mnachokwenda kuniandikia. Waebrania 13:17, watiini wenye kuwaongoza. Sawa, nakubali, imo, na mimi si mtu wa kufurahia makanisa ambayo kila mwenye sauti ni askofu wake mwenyewe. Ila msomaji asiishie katikati ya mstari: viongozi hao wanakesha kama watu watakaotoa hesabu. Hesabu, ndugu zangu. Neno limo humo humo.

Mwingine atanitajia "msiwaguse masihi wangu", yaani watiwa mafuta wa Mungu, na Daudi, aliyekuwa akiwindwa na Sauli, lakini akakataa kumwua pangoni kule En-gedi. Kweli, alikata upindo wa vazi tu, na hata huo ukamsumbua moyo. Lakini alipotoka pangoni hakukaa kimya. Alimwita mfalme kwa sauti mbele ya jeshi lake, akauinua ule upindo waone, akamwambia Bwana na ahukumu kati yetu. Na baada ya maneno matamu yote na machozi ya Sauli, Daudi hakurudi naye nyumbani. Alipanda ngomeni. Mtu ameshakurushia mkuki ukimpigia kinubi, tena zaidi ya mara moja, utarudi kumpigia?

Musa simgusi leo, maana ya Meriba yanajulikana: kupiga mwamba mara mbili na kuwaita watu waasi, akaikosa Kanaani. Mzigo wa utii ulimwelemea zaidi aliyekuwa mbele.

Ila nataka mwende 1 Samweli 12, mstari wa 3. Samweli anang'atuka. Mvi kichwani, amewatumikia tangu utoto. Hajaitisha sherehe ya kuagwa wala mchango wa gari. Anasimama mbele ya Israeli yote, na mfalme mpya yupo pale, anasema nishuhudieni: nimechukua ng'ombe wa nani? Punda wa nani? Nimemdhulumu nani? Nimepokea rushwa mkononi mwa nani ili nipofushe macho yangu? Anaahidi kurudisha. Hakuna aliyesimama na swali. Yeye mwenyewe ndiye aliyelileta. Watu wakajibu hukutudhulumu, hukutuonea, wala hukupokea kitu mkononi mwa mtu.

Huyo ndiye aliyesema kutii ni bora kuliko dhabihu. Anayetaka kulitumia andiko lake, aanze na mstari huo wa 3, kwa sauti, mbele ya washarika, halafu asubiri wajibu.