Siku ya 9 Imekufa, Anza Upya

Alhamisi iliyopita, saa tatu na dakika kumi usiku, nilikuwa bado ndani ya matatu Jogoo Road, Nairobi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu saa kumi na moja jioni, viatu vimelowa chapachapa, na jamaa wa kando yangu alikuwa amelala, kichwa kikinigonga bega kila dereva alipokanyaga breki. Simu ikalia. Kundi la ofisi. Admin ameandika jina langu kwa herufi kubwa, halafu: "Siku ya 9 imekufa. Anza upya, siku ya 1."

Kosa langu ni kutotuma picha ya hatua zangu kabla ya saa tatu. Tuko kwenye shindano la siku 21, hatua elfu kumi kila siku, na ukikosa moja unarudishwa mwanzo mbele ya kundi zima. Mbele ya bosi pia, ambaye ana gari na ana mashine ya kukimbilia sebuleni.

Chanzo ni yule mzungumzaji wa motisha tuliyeletewa mwezi uliopita. Alituambia tuamke saa kumi na moja alfajiri kama watu waliofanikiwa. Ndugu yangu, saa kumi na moja stage ya Umoja imeshajaa! Kama kudamka kungekuwa ndio utajiri, makanga wa Eastlands wangekuwa wanakodisha maghorofa Upper Hill. Kisha akasema tabia hujengwa kwa siku 21, tukapiga makofi, tukapewa maji ya chupa.

Hiyo 21 nimeifuatilia, maana nilikuwa na hasira na bado tulikuwa hatujafika Buruburu. Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku kama 21 kuizoea sura mpya. Kuzoea pua! Pua haikudai uivalie raba. Na lile neno "angalau" lilidondoka njiani, wauza motisha wakabaki na namba.

Waliokaa chini wakapima kweli ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Watu 96, kila mmoja akachagua jambo moja dogo na kulifungamanisha na kitu anachokifanya kila siku, kama baada ya kiamshakinywa. Kwa kawaida ilichukua kama siku 66 jambo likaanza kujiendea lenyewe. Wapo waliochukua 18, wapo waliokadiriwa 254. Na hapa ndipo nilitaka kumtumia admin ujumbe usiku ule ule: kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Ukikosa leo, kesho unaendelea ulipoachia.

Sasa niambieni, nani alibuni hii adhabu ya kurudi sufuri? Nilitembea siku nane. Miguu yangu inazijua siku hizo nane, mapafu yanazijua, ngazi za ghorofa ya nne zinazijua, maana sikuhizi sisimami ya pili kujifanya natafuta funguo. Halafu mvua ya Nairobi inafuta yote? Mwenzetu mmoja alikosa siku ya 14 kwa sababu mtoto alilazwa. Karibu kila mtu alimwekea emoji ya pole, na bado akarudishwa siku ya 1. Hajatuma picha tena. Hakuwa mvivu yule dada. Amechoka kuhesabiwa kama marobota ya mitumba Gikomba.

Nakubali, shingo upande, kwamba kaka mmoja wa idara ya fedha amenufaika; mashati yameanza kumpwaya na anatuonyesha mshipi kila Jumatatu. Kuna watu wanaopenda kukimbizwa. Na sisemi kutembea ni upuuzi: Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na hizo zinapatikana. Ila elfu kumi yenyewe ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960, kwa hivyo tusiapishane.

Mimi nilianza kutembea kabla ya shindano, na sababu yenyewe haina heshima: sukuma wiki. Mboga za Mutindwa ni nafuu kuliko za karibu na kwangu, kwa hivyo nashuka Mutindwa na kumalizia kwa miguu. Dakika ishirini, nikiwa nimevaa viatu vya ofisi, nikiruka mitaro na kukwepa bodaboda zinazopanda pale tunapopita sisi. Siku nikiwa sina hamu kabisa nashuka vilevile, kwa sababu nyumbani hakuna mboga.

Ijumaa nikashuka kama kawaida. Mama mboga alikuwa anakata, kisu kinaenda chakachaka bila yeye kukitazama, majani yamekunjwa kwenye ngumi kama sigara kubwa.

"Wewe dada, jana ulipotelea wapi?"

"Mvua, mathe. Nilipitiliza na gari mpaka mlangoni."

"Hata mimi nilifunga mapema. Leo nikukatie ya ngapi?"

"Ya thelathini. Na nyanya za ishirini."

Akaongeza dania bila kuitisha pesa. Kundi bado nimelinyamazisha.