Nilikutumia

Mwaka 2004 nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni huko Iringa, sina rafiki hata wa kuniazima ndoo. Kilichoniponza ni kidomo changu. Niliota mwalimu wa zamu katumbukia mtaroni, nikasimulia bwenini, kesho yake akatumbukia kweli. Basi nikawa Mchawi. Kitanda cha juu yangu kikabaki kitupu muhula mzima.

Hadi alipohamia binti mmoja mwenye tranka la bati na sauti ya puani. Akapewa kitanda hichohicho. Usiku wa kwanza kichwa kikaning'inia kutoka juu: "Eti wewe huwa unaona mambo? Hata mimi."

Jamani, nililia.

Tukaanza mazoezi. Zama hizo utabiri wa Sheikh Yahya Hussein ulikuwa gumzo kila mahali, nasi tukajiona warithi wake. Nawaza namba kati ya 1 na 10, ananikodolea macho, anasema: "Saba." Ni saba! (Leo najua watu wengi wakiulizwa hivyo huchagua 7. Wakati ule nani angeniambia?)

Jumamosi moja tukapikiwa pilau, kitu kilichotokea kwa nadra kama kupatwa kwa jua. Ukoko ulikuwa mali ya wapishi, unabaki kwenye sufuria hadi asubuhi. Mpango ukawa hivi: mimi naingia jikoni, yeye analinda nje. Matroni akitokea, ananitumia ujumbe kwa mawazo tu. Hakuna mluzi, hakuna kukohoa. Tukaapizana.

Sufuria lile lilikuwa la kulisha bweni zima, ikabidi nizame hadi kiunoni, miguu inaelea, nakwangua kwa kijiko. Kichwani shwari kabisa. Nikasema kama kungekuwa na hatari ningeshajua, nikakwangua na upande wa pili.

"Wewe! Toka humo!"

Nikaibuka mbele ya tochi, ukoko umeganda kwenye nyusi. Pembeni ya matroni yupo mwenzangu, kashikwa sikio, kafumba macho, mishipa ya shingo imemsimama. Bado anatuma!

Tukapewa vyoo wiki nzima. Siku ya tatu, tukiwa tunasugua, akaniambia kwa upole, "Shoga, mbona hata usiku wa kuamkia siku ile niliota tunakamatwa."

"Sasa si ungeniambia!"

Akaninunia. "Nilikutumia. Ukawa hupatikani."