Jibu la kemia hujikagua, la takwimu hunyamaza

Ubishi kuhusu wanafunzi wa chuo kutafuta msaada wa mazoezi ya takwimu na kemia huendeshwa kana kwamba masomo hayo ni kitu kimoja: yote yana fomula, yote yanataka kikokotoo, yote yanatisha. Upande mmoja unasema anayepewa suluhisho kamili amenyimwa nafasi ya kujifunza. Upande wa pili unajibu kwamba mhadhiri aliyetatua mfano mmoja darasani kisha akagawa maswali kumi asishangae watu wakitafuta mwalimu kwingine.

Nianze na hawa wa pili, maana hudharauliwa bila sababu. Mwaka 1985 watafiti John Sweller na Graham Cooper walichapisha majaribio yao kuhusu ujifunzaji wa aljebra. Waliosoma mifano iliyokwisha kutatuliwa walitumia muda mfupi zaidi na kukosea mara chache zaidi kuliko walioachwa wapambane na maswali peke yao. Mtu asiyejua pa kuanzia hutumia akili yake yote kutafuta njia, na hakibaki kitu cha kumwezesha kuona kanuni. Kwa hiyo kumwambia mgeni wa somo "jaribu tena" si lazima iwe malezi mema. Wakati mwingine ni uvivu wa mwalimu. Lakini faida hiyo ilionekana kwenye maswali yanayofanana na mfano. Swali likibadilika sura, msaada wa mfano hupungua sana.

Sasa tutazame kemia. Gramu 10 za hidrojeni zinachomwa pamoja na gramu 40 za oksijeni; ni kipi kitaisha kwanza, na maji yatapatikana kiasi gani? Mwenye haraka ataona 10 ni ndogo kuliko 40 na kusema hidrojeni. Akigeuza kuwa moli, yaani kipimo cha idadi ya chembe, hidrojeni ni 5 na oksijeni ni 1.25, na mlinganyo unataka moli mbili za hidrojeni kwa kila moli moja ya oksijeni. Kinachoisha ni oksijeni. Maji ni moli 2.5, yaani gramu 45, na gramu 5 za hidrojeni zinabaki. Jumlisha: 45 na 5 ni 50, sawasawa na tulizoanza nazo.

Ujumlishaji huo wa mwisho ndio muhimu. Hata aliyenakili suluhisho anaweza kulikagua mwenyewe, kwa sababu tungamo halipotei na vizio lazima vikubaliane. Ukaguzi huo haunasi kila kosa, lakini angalau upo. Suluhisho bovu la kemia mara nyingi hujianika.

Takwimu hazina hisani hiyo. Chukua wagonjwa 12 waliopimwa shinikizo la damu kabla na baada ya dawa. Vipimo vimekuja kwa jozi, kwa hiyo kinachopaswa kupimwa ni tofauti ndani ya kila mgonjwa, kwa digrii za uhuru (idadi ya namba zilizo huru kubadilika) 11, yaani jozi 12 toa moja. Msaidizi asiyeuliza data zilikusanywaje atavichukua kama makundi mawili yasiyohusiana, atumie digrii 22, na atoe namba nadhifu yenye desimali tatu. Hesabu yake itakuwa sahihi kila mstari, na hakuna gramu za kujumlisha ili kosa lionekane. William Gosset, aliyechapisha msingi wa jaribio la t, kipimo cha kitakwimu cha kulinganisha wastani, mwaka 1908 akiwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness, alikuwa na sampuli ndogo lakini alijua zilikotoka. Mwanafunzi hupewa jedwali tu.

Bado tafsiri. Thamani p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama iliyoonekana, au zaidi, ikiwa dawa haifanyi kazi; kwa hiyo p ya 0.03 haimaanishi kuna uwezekano wa asilimia 3 kwamba dawa haifanyi kazi, ingawa ndivyo inavyoandikwa kwenye majibu mengi. Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kuonya dhidi ya usomaji wa namna hiyo, na hapo kilikuwa kinasema na watafiti, sembuse mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Kuhusu sheria sina mengi. Australia mwaka 2020 na Uingereza mwaka 2022 zilipitisha sheria dhidi ya kuwauzia wanafunzi kazi za kuwasilisha kama zao, na mkono wa sheria hizo uliwalenga wauzaji. Kumfafanulia mtu somo si kosa.

Kwa hiyo mimi ningelegeza kamba kwenye kemia na kuikaza kwenye takwimu. Mwanafunzi wa kemia apewe suluhisho zima, mradi alikague na kisha atatue lingine lenye namba nyingine. Wa takwimu asaidiwe hesabu kadiri apendavyo, hata programu imfanyie yote, lakini uchaguzi wa jaribio na sentensi ya hitimisho viandikwe kwanza kwa mkono wake. Tangu ChatGPT ianze kutumiwa na umma Novemba 2022, namba zimekuwa rahisi kupata kuliko wakati wowote. Mhadhiri anayetoa alama nane kwa namba na mbili kwa sababu ya kuchagua jaribio ndiye anayepaswa kubadilisha hesabu zake, kabla hajawalaumu wanaotafuta msaada.