Inchi Mbili za Mama Mshonaji

Kabla sijaanza, jueni kwamba mimi hufundisha fizikia sekondari. Kila mwaka huwapanga wanafunzi mbele ya vanieri, kile kipimio cha urefu mdogo, na kuwaimbia wimbo uleule: kabla hujapima kitu, hakikisha kipimo chako kinaanzia sifuri. Wengine huandika, wengine husinzia. Kumbe aliyesinzia kuliko wote alikuwa mwalimu.

Nyuma ya nyumba hapa Migosi, Kisumu, najijengea gari. Ni lile umbo la Lotus Seven, kigari cha Waingereza cha mwaka 1957, hakina paa na milango ni ya kubahatisha. Watu wengi duniani hujiundia chao kwa vyuma vya mraba na vipuri vya gari kuukuu. Wenzangu wa Uingereza walizoea kuchinja Ford Escort. Mimi nilichinja Corolla DX, ile KE70 ambayo kila Mkenya wa rika langu amewahi kuipanda au kuisukuma, na mara nyingi yote mawili katika safari moja. Watoto wa ploti wanaliita jeneza la spoti. Nimewazoea.

Injini ya 4K ilikuwa imekaa, giaboksi imekaa, ekseli ya nyuma imekaa. Kilichobaki ni propela, ile shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi kwenye difu, boksi la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Ya DX ilikuwa ndefu mno, kwa sababu injini nimeirudisha nyuma hadi karibu na magoti ya dereva. Ilibidi ikatwe. Nikaifunga kwenye gunia, nikaiweka begani, nikapanda boda kwenda Kibuye. Tulipopita Kondele na mzigo ule mrefu begani, njia ilifunguka yenyewe. Hata matatu zilitupisha.

Kibuye kuna mzee wa mashine ya kukereza ambaye kila mtu humwita Jaduong'. Akaigeuza propela, akaitikisa krosi, kile kiungo cha kwenye ncha kinachoiruhusu shafti izunguke ikiwa imepinda, akaniuliza, "Iwe ngapi?"

"Ikate tu, Jaduong'. Iwe kama hivi." Nikanyoosha mikono.

Akaitazama mikono yangu kwa muda. "Huyo ni samaki aliyekuponyoka. Mimi nataka namba."

Akaing'oa slivu, ile ncha yenye meno ndani inayoingia kwenye giaboksi, akanikabidhi na maagizo. Gari likae chini kwa magurudumu yake, lisiwe juu ya mawe, ekseli isining'inie. Slivu isukumwe ndani mpaka igome, halafu itolewe inchi moja ili ipate pa kupumulia, maana ekseli ikipanda na kushuka kwenye mashimo, ule urefu hubadilika, na shafti isiyo na nafasi itaipiga giaboksi mpaka ipasuke. Ndipo nipime kutoka katikati ya krosi hadi uso wa flanji ya difu, lile bamba ambalo shafti hufungwa kwa boliti. "Na usipime ukiwa na haraka," akamalizia.

Haraka sikuwa nayo. Nilichokosa ni tepu. Yangu ya chuma kijana wangu aliitumia kupima kina cha maji kwenye tangi, na mpaka leo imo humo. Lakini jirani yangu ni Mama Mshonaji, anayeshona barazani kwa cherehani ya kukanyaga. Alikuwa anabishana na mteja kwa simu, akanirushia tepu yake ya kitambaa bila hata kunitazama.

Nikaingia uvunguni. 26 na nusu. Nikarudia, 26 na nusu. Nikarudia tena, maana huwa nawaambia wanafunzi wapime mara tatu. 26 na nusu. Nikazigeuza kuwa milimita 673, kwa kuwa mtu wa sayansi hatembei na inchi mfukoni, nikaandika kwenye karatasi na kupiga mistari miwili chini yake.

Baada ya siku mbili na shilingi 3,500, nilipewa shafti ya kupendeza. Jaduong' hakuchomelea akaachia hapo. Aliizungusha kwenye mashine akiwa ameielekezea ncha ya chuma kuona inapoyumba, akaigonga kidogo, akaizungusha tena, mpaka akaridhika. Nikaibeba nyumbani kama mtoto wa kwanza.

Haikuingia.

Slivu niliisukuma hadi mwisho, na bado upande wa difu ulizidi kwa inchi nzima. Nikalala chini ya gari nikiisukuma kwa miguu. Mke wangu akatoka, akaona soli mbili zikipiga mateke hewani, akarudi ndani bila kuuliza. Ndoa yetu imedumu kwa njia hiyo.

Nikarudi Kibuye nimefura. Jaduong' hakujibu kitu. Akalaza rula ya chuma juu ya shafti: 673. Akaitoa karatasi yangu: 673, na mistari yake miwili. "Mwalimu, mwandiko huu ni wa nani?"

Nyumbani nikaipima shafti ileile kwa tepu ileile. 28 na nusu.

Yaani Kibuye ilikuwa 26 na nusu, na Migosi, umbali wa boda ya hamsini, imerefuka inchi mbili! Akili ya fizikia ikakimbilia ilikozoea: joto. Chuma hutanuka, na kila mtu anajua jua la Kisumu. Nikaketi kwenye ndoo, nikapiga hesabu nyuma ya bahasha. Mita moja ya chuma hutanuka kama sehemu 12 za milioni kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Ili shafti yangu iongezeke inchi mbili, ingebidi ipashwe moto kwa zaidi ya digrii 6,000. Uso wa jua lenyewe ni kama 5,500. Jua kali ya Kibuye ni kali, lakini si kiasi hicho.

Nikaenda barazani na tepu mkononi.

"Mama, hii tepu yako ina nini?"

"Kwani hukutoa mbili?"

"Mbili gani?"

Akasimamisha mguu kwenye cherehani. "Mwalimu, hiyo tepu inaanzia mbili. Mwanzo wake ulitafunwa na mbuzi. Nikakata pale palipochakaa, nikarudisha kile kibati. Nikipima mtu natoa mbili, basi. Kila mtu hapa anajua."

Nikaitazama. Namba ya kwanza baada ya kile kibati ilikuwa 3. Nilikuwa nimeishika kwa vidole hivi, nimeisoma mara tatu, na hata wastani nilitoa. Ni miaka mingapi nimewachapia watoto mitihani yenye swali la hitilafu ya sifuri? Wanafunzi wangu wakilisoma hili, alama nilizowanyima sizirudishi.

Sasa, mtu mwenye busara angemwambia Jaduong' ukweli. Mimi nilijitungia hadithi kwamba nimesogeza injini. Lakini Jaduong' hakuwepo, alikuwa ameenda matanga Siaya na angerudi Jumatatu. Alikuwepo kijana wake. "Inchi mbili tu, Mwalimu? Hiyo kazi ya dakika." Nami nikaona ni bahati, maana huyu angalau hakuijua ile karatasi. Akakata, akaunganisha, akachomelea, huku akijibu jumbe kwenye simu.

Iliingia kama mguu kwenye soksi. Boliti nne, nikakaza, nikashuka, nikacheza kidogo.

Mama Mshonaji akasema kwa sababu ya usumbufu niliompa, yeye ndiye abiria wa kwanza. Gari halina namba, kwa hiyo tulikopita sitapataja. Hadi kilomita 20 kwa saa tulikuwa tunapunga mkono kama wabunge. Tulipokaribia 40, gari likaanza kutetemeka. Kioo cha pembeni kikawa ukungu, na usukani nikawa naona miwili. Katika kigari hiki propela hupita katikati ya viti, sentimita chache kutoka nyonga ya abiria, na nyonga ya Mama Mshonaji ilikuwa inapokea kila habari.

"Mwa-wa-li-li-mu! Ga-ri-ri i-na-sho-sho-na!"

Nikapunguza. Akashusha pumzi, akaweka mkono juu ya kile kifuniko cha bati, akaniambia niende tena polepole. Akasikiliza.

"Hii naijua," akasema. "Mashine ikipoteza mwendo wake hufanya hivi. Sindano inashuka, kile kidude cha chini kinachelewa kuipokea. Vitu viwili havikutani. Mwambie fundi wako kimoja kimetangulia."

Nilitabasamu kwa upole, kama tunavyowatabasamia watu wasiosoma fizikia.

Jumatatu Jaduong' aliishika shafti, akafumba jicho moja, akaitazama kutoka ncha hadi ncha. Haikuisha hata nusu dakika. "Nani amefunga hii? Kimoja kimetangulia."

Krosi ikizunguka ikiwa imepinda, haipeleki mwendo ulio sawa: huharakisha na kuchelewa mara mbili kwa kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili hulisawazisha kosa hilo, ila masikio ya shafti yanayoshika krosi za pande zote mbili lazima yalale kwenye mstari mmoja. Ya kwangu yalikuwa yamepishana, kwa hiyo kosa la mbele lilikuwa linaongezewa la nyuma. Kwa kilomita 40 shafti ile huzunguka kama mara 1,500 kwa dakika. Tulikuwa tunashona mishono 3,000 kwa dakika, na hakuna cherehani ya kukanyaga iliyowahi kufika huko.

Jaduong' akakata tena, akachora mstari wa chaki kutoka sikio hadi sikio, akachomelea. Hakudai hela. Aliniuliza tu, akiwa ameinama, "Na injini umeisogeza tena?" Kijana wake akakohoa.

Sasa gari linateleza kimya. Kwa shukrani nilimnunulia Mama Mshonaji tepu mpya, inchi 60 kamili kuanzia sifuri, nikampa na kitambaa anishonee suruali ya siku ya wazazi shuleni. Alinipima siku hiyohiyo kwa ile tepu mpya, kwa furaha, akiimba.

Nilivaa asubuhi ya mkutano wenyewe, nikiwa nimechelewa. Soksi zote zilikuwa nje. Nilisimama mbele ya wazazi nikizungumzia usahihi katika vipimo, nao walinisikiliza kuanzia magoti kushuka chini.

Nikirudi nilipitia Kibuye. Jaduong' alizima mashine, akanitazama viatu, akapanda taratibu hadi kwenye pindo.

"Mwalimu," akasema, "hiyo slivu umeitoa inchi ngapi?"