Tunaanza kwa kumkagua masikio

Mtoto akizaliwa kwetu, wageni hawamalizi dakika tano kabla ya kumkagua masikio. Khanga inafunuliwa kidogo, sikio linageuzwageuzwa, kisha hukumu inatoka: "Msimwone hivi, huyu atakuwa mweusi." Mama mtu, hata arobaini hajatoka, anacheka kwa adabu.

Mwezi uliopita binti yangu mdogo, wa miaka mitano, alijipaka poda usoni hadi nyusi zikapotea, akaniuliza kama sasa amefanana na dada yake. Dada yake ni maji ya kunde, yeye ni mweusi. Hayo hakuyatoa shuleni, ameyasikia sebuleni kwangu. Shangazi yangu akija, mkubwa anamwita "mzungu wangu", mdogo "cheusi". Biskuti anawagawia sawasawa.

Na watoto hunasa mapema. Miaka ya 1940 huko Marekani, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark, mtu na mkewe, waliwaonyesha watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliofanana kila kitu isipokuwa rangi. Wengi walisema mzuri ni yule mweupe. Kule kulikuwa na sheria za ubaguzi. Sisi tunajifanyia wenyewe, tena kwa utani.

Ndiyo maana siiamini sana dawa ya kumwambia mtoto "wewe mrembo" asubuhi na jioni. Mtoto si mjinga, anajua anabembelezwa. Tazama mwanya: hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha kuupenda. Tulikua tukisikia watu wazima wakiusifia, kama wanavyosifia kidoti na shingo ya pingili, basi mwenye mwanya akawa anacheka mdomo wazi. Weusi nao usifiwe hivyo hivyo, kwa mtu mwingine anayepita, mtoto akisikia.

Nywele ndizo zilizonifundisha zaidi. Msusi alimshika yule mdogo kichwa akasema, "Mama, hizi ngumu, mtie dawa." Mtoto alilia tangu butu la kwanza mpaka la mwisho. Sikurudi. Sasa kila Jumamosi namkalisha kati ya magoti, nalowesha nywele, natia mafuta ya nazi, nachana kwa chanuo la meno mapana nikianzia nchani. Halii, anasinzia. Kumbe hazikuwa ngumu, zilikuwa zinachanwa kavu.

Shangazi nilimfuata jikoni.

"Shangazi, nakuomba, huyu mdogo mwite jina lake."

"Jamani mwanangu, si utani tu? Sisi tuliitwa hivyo hivyo na tumekua."

Alikuwa anamenya ndizi. Nikaitazama mikono yake: vidole vyeupe, viungo vya vidole vyeusi tii, pale ambapo mkorogo wa miaka yote umeshindwa kufika. Sikujibu kitu. Nikachukua kisu kingine, nikakaa, tukamenya.